Utanzu Mgeni na Swali la Wenyeji: Riwaya za Bwana Msa na Tatizo la Kuandika Upelelezi kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuna hukumu moja ambayo mwalimu humrithisha mwanafunzi wake, na mwanafunzi akaitia katika tasnifu yake, pasipo mtu kuihoji sana. Hukumu hiyo ni kwamba Muhammed Said Abdulla, mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika lugha yetu, alimwiga Arthur Conan Doyle. Ushahidi unaotolewa ni ule ule kila mara. Bwana Msa anavuta kiko, na Sherlock Holmes alivuta kiko. Bwana Msa ana sahibu yake Najum, na Holmes alikuwa na Daktari Watson. Bwana Msa humzidi Inspekta Seif kwa akili, kama Holmes alivyowazidi askari wa London. Orodha ya mifanano ikishakamilika, mhakiki huweka kalamu chini kana kwamba kazi yake imekwisha.

Makala haya hayakusudii kuikana mifanano hiyo. Ipo, na mwandishi mwenyewe hakujitaabisha kuificha. Tunalokusudia ni kuuliza jambo ambalo orodha hiyo haiwezi kulijibu: mwandishi anapoingia katika utanzu ambao jamii yake haikuuzaa, ugumu wake hasa uko wapi? Rai yetu ni kwamba ugumu hauko katika vyombo vya utanzu. Kiko, bastola, simu, hata sahibu mwenye mshangao, vyote hivi huazimwa kwa siku moja. Ugumu uko katika swali ambalo utanzu huo ulizaliwa ili ulijibu. Swali halisafirishwi pamoja na vyombo. Sharti mwandishi alitafutie makao katika jamii yake, na asipolipatia makao, hadithi yake hubaki kama jahazi zuri lililopandishwa mchangani. Tutaonyesha kwamba Abdulla alilipatia makao, tukitaja pia pale alipoteleza, kisha tutawatazama kwa ufupi baadhi ya waliomfuata.

Swali la Utanzu

Wanahistoria wa fasihi aghalabu huanzia hadithi ya Edgar Allan Poe, "The Murders in the Rue Morgue", iliyochapishwa mwaka 1841. Mwaka uliofuata, polisi wa London walianzisha kitengo chao cha kwanza cha wapelelezi. Holmes alitokea mwaka 1887 katika A Study in Scarlet. Tarehe hizi hazikukutana kwa sadfa. Karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya miji mikubwa, ambamo maelfu ya watu walikaa mlango kwa mlango bila ya kujuana majina. Katika mji wa namna hiyo mwuaji akigeuka pembe ya njia huwa amekwisha potea. Swali la utanzu, basi, likawa hili: mtu huyu nisiyemjua ni nani, na alama gani zitanieleza alikotoka?

Ndiyo maana Holmes husoma matope ya viatu na mikunjo ya mikono ya shati. Hana mtu wa kumwuliza. Alama za mwilini na nguoni zimechukua nafasi ya jirani, mjomba na mzee wa mtaa. Sayansi yake, ambayo wasomaji waliisifu sana, kwa upande mmoja ni tiba ya upweke wa mji.

Hebu sasa tuuhamishe utanzu huo hadi Unguja ya miaka ya 1950. Mgeni akishuka bandarini asubuhi, alasiri watu wa barazani wanajua amefikia kwa nani, na kabla ya magharibi wamekwisha pata jina la mama yake. Katika jamii ya namna hii kumtambua mtu kwa matope ya viatu ni mzaha; mwenye viatu anajulikana tangu alipokuwa akitambaa. Mwandishi anayeleta mpelelezi hapa anakabiliwa na tatizo ambalo Doyle hakulijua: inakuwaje siri ikae mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu?

Kitendawili na Upelelezi

Kabla ya kuona jinsi Abdulla alivyolitatua, inafaa tukumbuke kwamba msomaji wake hakuwa mtupu. Alikuwa na ngano, alikuwa na hekaya za Abunuwasi, na zaidi ya yote alikuwa na kitendawili. Mara nyingi imesemwa kwamba kitendawili ndicho babu wa upelelezi katika utamaduni wetu. Kauli hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ina faida kuichunguza.

Katika ngano, siri aghalabu haifichwi kwa msikilizaji. Sisi tunajua kwamba yule kijana mzuri aliyekuja kuposa ni zimwi; bibi arusi ndiye asiyejua. Utamu unatokana na kungoja ajue. Riwaya ya upelelezi imeugeuza mpango huo: msomaji ndiye aliyefungiwa nje, na mwandishi anao ufunguo mfukoni.

Kitendawili kinaikaribia zaidi riwaya hiyo, kwa kuwa nacho humfungia nje mteguaji. Hata hivyo jibu lake halifikiwi kwa kupanga ushahidi hatua kwa hatua. Jibu ni urithi. Anayelijua amelisikia, asiyelijua hulipia mji, kisha hulipewa, na tangu siku hiyo naye ni miongoni mwa wenye kujua. Mteguaji akileta jibu jingine lenye mantiki kamili, bado huambiwa amekosa, maana jibu la wazee ni moja. Riwaya ya upelelezi inadai kinyume cha hayo. Inadai kwamba jibu lipatikane na mtu yeyote mwenye akili timamu, awe mwenyeji au mgeni, mradi amepewa vidokezo vyote.

Hapa ndipo ugumu wa Abdulla ulipokuwa. Alikuwa anaandikia watu waliozoea kwamba siri hufunuliwa na mwenye haki ya kuifunua. Alitaka kuwafundisha kwamba siri hufunuliwa na mwenye kufikiri. Hilo ni badiliko la itikadi juu ya elimu, na kiko peke yake hakiwezi kulileta.

Siri Ilipojificha

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi katika Idara ya Afya ya Zanzibar, kisha akawa mhariri, na baadaye, kuanzia mwaka 1958, akawa katika jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia nyumba za watu kutafuta chanzo cha maradhi. Mhariri ni mtu anayepokea maneno ya watu na kuyapima. Hatudai kwamba kazi hizi ndizo zilizomzaa Bwana Msa. Twasema tu kwamba mwandishi alikuwa na nafasi nzuri ya kujua nyumba za visiwa vyake zinaficha nini.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968. Tuyatazame majina yenyewe. Mzimu ni mahali pa kutambikia. Giningi, katika imani za visiwani, ni makao ya wachawi. Kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, mwandishi ametuonyesha mtuhumiwa, na mtuhumiwa huyo si binadamu. Kidokezo cha kupotosha kimetiwa katika jalada.

Mtu anaweza kusema kwamba Doyle naye alifanya hivyo katika The Hound of the Baskervilles (1902), ambamo mbwa wa kishetani anahofiwa kuwa ndiye mwuaji. Ni kweli, lakini tofauti ni kubwa. Jini la Doyle ni la ukoo mmoja wa mashambani, na msomaji wa London alikaa mbali akalistaajabia. Mzimu wa Abdulla ni wa msomaji mwenyewe. Yamkini msomaji huyo, au mama yake, aliwahi kupeleka ubani mahali kama hapo. Bwana Msa anaposhikilia kwamba aliyeua ni mtu mwenye mikono na sababu, hamhukumu mhusika mmoja tu. Anajadiliana na aliyeshika kitabu. Hapo utanzu mgeni umeanza kuuliza swali la wenyeji.

Jibu kamili zaidi limo katika riwaya za baadaye: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Humo fundo la hadithi mara nyingi halikazwi na maiti bali na nasaba na ndoa: nani amezaliwa na nani, nani alimwoa nani, na nani anastahili kurithi. Wahakiki kadhaa wameona hili kuwa udhaifu, wakasema kwamba mwandishi ameuacha upelelezi akaingia katika visa vya kifamilia. Sisi twaona kwamba hapa ndipo alipoupata upelelezi.

Tukumbuke historia. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo watu wazima wa miaka ya 1950 walikuwa wajukuu, na wengine watoto, wa nyumba ambamo mke, suria, mtumwa na mwana waliishi chini ya dari moja kwa vyeo mbalimbali. Ongeza juu ya hayo watu waliotoka Hadhramaut, Ngazija, India na bara, ndoa za safari, talaka, na watoto waliolelewa na wasiowazaa. Katika jamii hiyo kila mtu anajulikana, lakini anajulikana kwa jina alilopewa barazani. Ndani ya nyumba, kwa mkunga, kwa yaya na kwa bibi kizee asiyetoka, kuna jina jingine. Swali la Holmes, "Mtu huyu nisiyemjua ni nani?", limegeuka likawa "Mtu huyu ninayemjua ni nani?" Vyombo ni vya Baker Street, swali ni la Unguja, na ni swali gumu zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu mwenye kuuliza anaweza kugundua kwamba jibu linamhusu yeye.

Adabu ya Kuuliza

Lawama nyingine anayotupiwa Abdulla ni urefu wa mazungumzo. Husemwa kwamba wahusika wake wanajuliana hali, wanakunywa kahawa, wanataniana na kubishana juu ya maana ya neno, huku mwuaji anangoja. Anayelaumu hivyo amesahau kwamba kuuliza nako kuna utamaduni wake.

Askari wa London anaweza kubisha mlango, akatoa daftari, akamwuliza bibi wa nyumba alikuwa wapi usiku wa Jumanne. Katika jamii ya heshima swali la uso kwa uso, hasa kutoka kwa kijana kwenda kwa mkubwa, au kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke wa watu, ni tusi kabla halijawa swali. Inspekta Seif anayo mamlaka ya serikali, naye anaweza kuuliza hivyo, na ndiyo sababu hupata majibu mafupi. Bwana Msa hana cheo. Hana budi kubisha hodi, kungoja karibu, kuuliza habari za wazee na watoto, na kuliacha neno analolitaka lije lenyewe katikati ya mengine. Mazungumzo ndiyo darubini yake. Msomaji akiyaruka ili afike haraka kwenye matukio, ameyaruka matukio yenyewe.

Hili lina faida ya kifani ambayo haijasifiwa ipasavyo. Kidokezo kikifichwa katika maamkizi, katika namna mtu anavyomwita mwenziwe "mwanangu" au "bwana mdogo", hakionekani, kwa kuwa msomaji mwenyeji ameyazoea maneno hayo mpaka hayasikii tena. Kiswahili cha Unguja, pamoja na daraja zake za heshima na istilahi zake za udugu, kimekuwa hapa sehemu ya ushahidi. Tafsiri ya riwaya hizi kwa Kiingereza ingeweza kuokoa kisa. Sidhani ingeokoa upelelezi.

Palipomteleza

Tusidhani kwamba mwandishi alishinda kila mahali. Udhaifu wa kwanza uko katika miisho. Bwana Msa anapowakusanya wahusika na kuwaeleza, maelezo huwa marefu, na mara kwa mara huleta mambo ambayo msomaji hakupewa nafasi ya kuyapima. Hapo mazoea ya kitendawili yamerejea kwa mlango wa nyuma: mtegaji anatuomba mji, tunampa, naye anatuambia jibu ambalo yeye peke yake alilirithi. Msomaji hufurahi, lakini hufurahi kama msikilizaji wa ngano. Hakushirikishwa katika kufikiri.

Udhaifu wa pili ni sadfa. Mpelelezi anayekana kwamba mizimu huua hana ruhusa ya kuokolewa na bahati. Kila mara watu wawili wanapokutana kwa nasibu katika saa ile ile inayohitajika, hoja ya Bwana Msa kwamba kila jambo lina sababu hudhoofika kidogo.

Udhaifu wa tatu ni mzito zaidi, nao ni wa maudhui. Kati ya riwaya zake saba, sita zilitoka baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini kwa jumla mapinduzi hayo hayachukui nafasi ndani yake. Hatumtaki kila mwandishi awe mwanasiasa. Lakini aliyechagua nasaba kuwa makao ya siri amegusa jeraha ambalo siasa za visiwa zililitonesha kwa miongo mingi. Abdulla hufumbua siri nyumba moja baada ya nyingine. Mtoto humpata baba yake, mrithi hupata haki yake, na kila mtu hurudi kwake. Hakuna mahali ambapo Bwana Msa anauliza kwa nini nyumba za mji huo zilikuwa na siri nyingi za aina moja. Utanzu wenyewe una lawama katika hili, maana umezoea kumtafuta mkosaji mmoja na kumtoa ili jamii ibaki safi. Mwandishi aliliteka swali la utanzu akalipa uraia. Hakujaribu kuuvunja ukuta wake.

Waliofuata

Kipimo hiki cha swali kinaweza kutusaidia kuwatazama wengine pia. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliupeleka upelelezi Dar es Salaam, naye Inspekta Wingo anapeleleza katika mji unaokua, ambamo sauti inaweza kukufikia kwa waya bila ya uso. Hapa swali la asili la utanzu, lile la mgeni asiyejulikana, lilihitaji marekebisho machache, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umeanza kuliuliza. Ndiyo maana riwaya hiyo fupi inasomeka kwa wepesi ambao Abdulla hakuutafuta.

Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), aliazima vyombo vya hadithi za ujasusi za Kizungu: bastola, hoteli, wanawake warembo. Swali la hadithi hizo lilikuwa la Vita Baridi. Musiba aliliweka badala yake swali la ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Willy Gamba anaweza kulaumiwa kwa mengi, hasa kwa jinsi wanawake wanavyochorwa pembeni yake, lakini hawezi kuambiwa kwamba hana la kupigania.

Mfano wa tatu unatoka kwetu Kenya. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anamtia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, katika chombo cha angani, naye anafika nchi ambayo jina lake lasema wazi kwamba wale ni sisi. Mtu akiisoma kama riwaya ya kisayansi atavunjika moyo, kwa maana sayansi haiulizi swali lolote ndani yake; chombo ni ngazi tu ya kupandia. Akiisoma kama jirani wa Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi nyingine ya angani iliyotumiwa kuihukumu nchi ya chini, ataona kwamba Mkangi alijua anachokifanya. Aliazima chombo kigeni ili aendeleze swali la zamani la wenyeji. Kazi hiyo inatuonya kwamba kuwepo kwa vyombo vya utanzu si hoja ya kutosha kuipa kazi jina la utanzu huo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno "kuiga", kama linavyotumiwa katika uhakiki wetu, hupima kisichohitaji kupimwa. Lina madhara pia nje ya uhakiki. Kazi zilizowekwa katika kapu la fasihi pendwa huachwa nje ya mitaala au huingizwa kama kionjo, na mwanafunzi hufundishwa kuzihesabia sifa badala ya kuzisoma. Abdulla alifariki mwaka 1991, na kizazi cha wasomaji waliomfahamu Bwana Msa kwa moyo kinapungua. Itakuwa hasara ikiwa tutakachokirithi kutoka kwake ni habari ya kiko.

Leo wapo vijana wanaotaka kuandika kwa Kiswahili riwaya za sayansi, za kutisha na za historia mbadala. Mwalimu anayeletewa miswada yao atakuwa na mwelekeo wa kuuliza kama wameifuata kanuni ya utanzu au wameivunja. Tungependekeza aanze kwingine. Awaulize: utanzu huu, kwao ulikozaliwa, ulikuwa unajibu swali gani? Katika mtaa wako swali hilo linakaa nyumba ipi, na ni nani anayelijua jibu lakini hajawahi kuulizwa kwa adabu? Kijana atakayeweza kujibu hayo ataandika kwa utanzu wowote. Asiyeweza atahitaji kwanza kukaa barazani kwa muda, kama alivyofanya Bwana Msa.